Kota, gololi na ringi ya 28: kufunga spea kwenye baiskeli ya zamani

Nenda duka lolote la spea za baiskeli Mtwara mjini, useme unataka ringi ya ishirini na nane. Muuzaji anayejua kazi yake hakupi ringi papo hapo. Anakuuliza kwanza: "Ya Phoenix au ya hizi za kisasa, mjomba?"

Usiudhike. Namba 28 imegongwa kwenye ringi na matairi ya saizi zaidi ya moja, na saizi hizo haziingiliani. Baiskeli kubwa za zamani zenye breki za fimbo, yaani Raleigh za Nottingham, Phoenix za Shanghai na Hero za Ludhiana, kwa kawaida zinavaa tairi ya 28 x 1½. Ubavuni mwa tairi, kama imeandikwa kwa milimita, utasoma 635. Tairi nyembamba za kisasa nazo huitwa 28, ila zenyewe ni 622. Tofauti ya kipenyo ni milimita 13 tu, lakini zinatosha kukutia hasara. Tairi ya 622 haipandi kwenye ringi ya 635 hata uishindilie kwa bisibisi tatu. Tairi ya 635 kwenye ringi ya 622 inaingia kiulaini, unafurahi, ukishajaza upepo inachomoka na tyubu inapasuka. Kwenye 26 mtego ni ule ule: 26 x 1⅜ ya baiskeli za Kiingereza ni 590, ya baiskeli za mlimani ni 559.

Basi soma namba ya milimita. Kama imefutika, beba tairi au ringi ya zamani hadi dukani uilaze juu ya mpya. Ndiyo maana kazi ya kufufua baiskeli ya zamani inaanza na tabia moja ambayo watu wa nyumbani hawaipendi: kutotupa kitu. Koni iliyolika (kile kipande cha kwenye ekseli kinachobana gololi), kota iliyopinda (pini inayobana mkono wa pedeli), gololi zilizopoteza mng'ao, spoki iliyokatika, vyote hivyo ni vipimo vyako. Ukivitupa kwenye takataka kabla ya spea mpya kukaa mahali pake, umebaki na kubahatisha.

Tafuta makopo sita au saba. Kila beringi na kopo lake, na kila kopo liandikwe kushoto au kulia. Usichanganye gololi za upande huu na ule hata kama zinafanana kwa macho, kwa sababu idadi iliyotoka upande mmoja inakuambia kama fundi aliyetangulia alipunguza au aliongeza. Kuna waliofunga gololi nane panapotaka kumi, maana mbili zilidondokea mchangani. Baiskeli ikaenda, lakini koni zikaliwa.

Hesabu za kawaida kwa baiskeli hizi za Kiingereza na zilizoigwa kwazo ni hizi. Habu (kitovu cha gurudumu) ya mbele: gololi 10 kila upande, za inchi 3/16. Habu ya nyuma: 9 kila upande, za inchi 1/4. Ekseli ya pedeli, yaani ile ya kati inayobeba mikono ya pedeli: 11 kila upande, za inchi 1/4. Vikombe vya usukani vya Raleigh: 25 juu na 25 chini, ndogo za inchi 5/32. Gololi zikishajaa kwenye kikombe lazima ibaki nafasi, lakini isiyotosha gololi nyingine nzima. Ukilazimisha moja zaidi zinasuguana zenyewe kwa zenyewe, na baada ya wiki chache utasikia mlio wa kusaga mchele. Nunua gololi zote upya, za pakiti moja. Gololi mpya tatu katikati ya sita za zamani ndizo zitakazobeba uzito wote, kwa sababu zile sita zimeshapungua unene.

Sasa hesi, yaani ile mizunguko iliyochongwa ndani ya nati na juu ya bolti. Hapa ndipo vyuma vingi vya thamani vinapoharibikia, tena mikononi mwa watu wenye nguvu. Ekseli ya mbele ya Raleigh ya zamani ni inchi 5/16, yenye hesi 26 kwa inchi. Inchi 5/16 ni milimita 7.94. Nati ya kawaida ya milimita 8 unayoipata duka la vifaa vya ujenzi inaingia mzunguko mmoja, pengine miwili, halafu inakaza. Mtu anadhani ni kutu, anaongeza spana ndefu. Anachofanya ni kuikata hesi ya ekseli. Ekseli ya nyuma ni inchi 3/8, nayo hesi 26. Nati ikigoma baada ya mizunguko miwili ya vidole, irudishe koponi.

Kuna njia ya kutambua hesi bila kifaa chochote. Chukua kipande cha zamani na kipya, hesi kwa hesi, uvilaze ubavu kwa ubavu kisha uvinyanyue kuelekea mwanga wa dirisha. Vikishikana vizuri mwanzo mpaka mwisho bila mwanga kupenya, ni ndugu. Vikianza kushikana halafu katikati vikapandana na mwanga ukaonekana, achana navyo. Njia hii inafaa kwa ekseli, kwa vikombe vya kati, kwa pedeli, na hata kwa bolti za keria.

Kwenye vikombe vya ekseli ya pedeli inafaa zaidi kuliko popote. Raleigh walichonga fremu zao kwa hesi 26 kwa inchi wakati viwanda vingine vya Kiingereza vilitumia 24. Kipenyo kinakaribiana sana, kwa hiyo kikombe cha 24 kinaonja fremu ya 26, kinaingia kidogo na kukwama. Ukikilazimisha umeharibu fremu, na fremu ndiyo kitu pekee kwenye baiskeli ambacho hakiuzwi dukani. Pima kwa rula: ndani ya nusu inchi hesabu 12 au 13. Kisha kumbuka kwamba kikombe cha kulia, upande wa sproketi, kina hesi ya kinyume. Kinafunguka kwa kuzungushia upande wa saa. Fundi asiyejua hilo anakikaza kwa nyundo akidhani anakifungua.

Ushauri wetu ni kukiacha kikombe cha kulia mahali pake kama hakijalika. Ingiza kitambaa chenye mafuta ya taa ndani ya bomba, kipanguse hadi king'ae, kisha pitisha ukucha kwenye njia ya gololi. Ukucha ni kipimo kizuri kuliko jicho. Ukikwama hata kidogo, pana kishimo. Pima ekseli yenyewe vivyo hivyo. Ekseli yenye vishimo itazimaliza gololi mpya kabla ya msimu wa korosho kwisha, kwa hiyo kubadili gololi peke yake ni kupoteza fedha. Ukinunua ekseli mpya, pima urefu wote, na pima pia kila upande kutoka mabega ya gololi hadi mwisho. Upande mrefu zaidi huwa ni wa kulia, wa sproketi. Ukiigeuza, sproketi itasugua fremu au mnyororo utakwenda mshazari.

Paka grisi kwenye kikombe, panga gololi 11 moja moja, grisi itazishika zisianguke. Ingiza ekseli, funga kikombe cha kushoto kwa vidole mpaka mchezo wote uishe, rudisha kidogo sana, kisha kaza pete yake. Pete ikikazwa inakivuta kikombe nje kwa unywele, na mchezo unarudi. Ndiyo maana inabidi ukishike kikombe kwa spana huku ukikaza pete, halafu upime tena. Tafadhali tumia spana ya ndoano. Zile alama za patasi kwenye pete za baiskeli nyingi za huku zinasikitisha.

Tufike kwenye kota. Hii ni pini yenye ubavu mmoja uliochongwa bapa, inayopita kwenye mkono wa pedeli na kuubana kwenye ekseli. Ni kitu kidogo cha bei ndogo, na ndicho kinachosababisha malalamiko mengi kuliko vingine vyote: pedeli inacheza, inagonga kila mzunguko, kota inapinda, inabadilishwa, inapinda tena.

Kuitoa kwanza. Legeza nati mpaka uso wake ulingane na ncha ya pini, usiitoe yote. Nati inailinda hesi isichanue. Simamisha bomba la chuma chini ya mkono wa pedeli, tundu la bomba likiwa chini ya kichwa cha pini ili pini ipate pa kutokea, na bomba liegemee sakafu ngumu ya saruji. Halafu piga pigo moja zito. Mapigo kumi ya woga yanapinda pini, pigo moja zito linaitoa. Bila bomba, nguvu yote inapita kwenye ekseli hadi kwenye gololi na vikombe, na vishimo tulivyovitaja juu vinazaliwa hapo hapo. Kama una jiliwa, tumia jiliwa na soketi kuisukuma pini badala ya kupiga. Ndiyo njia bora kuliko zote. Pini iliyogoma iache na mafuta ya kupenya usiku kucha. Ikigoma tena, toboa.

Kununua sasa. Kota za Raleigh ni milimita 9.5. Zipo pia za milimita 9, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ukiweka ya 9 kwenye tundu la 9.5 itakaza siku ya kwanza, siku ya tatu inaanza kugonga, na kila mgongano unaokula ubavu wa ekseli ni hasara isiyorudi. Nenda na kalipa ya kupimia, au nenda na pini ya zamani na uichomeke kwenye karatasi ngumu. Tundu linalobaki ni geji yako. Ziwe mbili, za pakiti moja, na ukizishika pamoja mteremko wa ubavu bapa ulingane.

Kota mpya karibu kila mara inahitaji tupa. Ubavu wake una mistari ya mashine na hauendani moja kwa moja na ubavu wa ekseli. Hapa kibatari kinasaidia kuliko kifaa cha dukani. Pitisha ubavu bapa wa ekseli juu ya moshi wa kibatari mpaka uwe mweusi kwa wepesi. Vika mkono wa pedeli, chomeka pini, igonge kidogo, itoe. Masizi yatakuwa yamehamia kwenye pini pale tu inapogusa. Kama ni alama ndogo upande mmoja, pini inabeba kwenye ncha, na ncha hiyo itasagika ukianza kupanda mlima. Piga tupa nyororo sehemu yenye masizi, viboko viwili au vitatu, kuelekea upande mmoja tu, bila kuubadili mteremko. Rudia. Masizi yakienea karibu ubavu mzima, umepata. Fanya hivyo kwa pini zote mbili kwa kipimo kimoja, la sivyo pedeli hazitakaa kwenye mstari mmoja na mguu utalihisi jambo hilo hata kama jicho halilioni.

Mwelekeo. Pini mbili hazichomekwi upande mmoja. Mkono wa kulia ukiwa mbele na nati yake imeangalia juu, basi mkono wa kushoto nao ukiwa mbele nati yake iangalie juu. Maana yake ukizitazama kwa pamoja, moja inaangalia juu na nyingine chini. Ukizichomeka zote upande mmoja, mikono ya pedeli inapinda kama mtu anayechechemea.

Ifunge kwa nyundo, tena bomba likiwa chini ya mkono wa pedeli. Nati haina kazi ya kuivuta pini ndani. Kazi yake ni kuizuia isirudi. Wanaoivuta pini kwa nati wanakata hesi na kulaumu ubora wa spea. Pini ikishaingia, hesi itokeze kiasi cha kubeba washa na nati nzima. Ikitokeza mno, nati ikafika mwisho wa hesi kabla haijakaza, pini ni nyembamba au umeila sana kwa tupa. Ikitokeza kidogo, rudi kwenye tupa.

Pedeli zenyewe ni rahisi: hesi ya kulia ya kawaida, ya kushoto ya kinyume, inchi 9/16 zenye hesi 20. Herufi L au R imegongwa mwishoni mwa hesi ya pedeli yenyewe. Paka grisi, anza kwa vidole. Ikikataa vidole, umeshika pedeli isiyo ya upande huo.

Vikombe vya usukani havina mengi. Kagua kama usukani una kituo, yaani ukiuzungusha polepole unajishika wenyewe unapofika katikati. Hivyo ni vishimo kwenye vikombe, na dawa yake ni vikombe vipya. Ukitaka kubadili foku, hesi ya Raleigh pale juu ni 26 ilhali ya kawaida ni 24, kwa hiyo foku ya baiskeli nyingine na nati yake viende pamoja. Na shina la usukani lipake grisi kabla halijaingia. Hewa ya chumvi ya Mikindani au Lindi ikilikuta kavu, miaka miwili baadaye hulitoi bila kulikata. Fimbo ya siti vivyo hivyo.

Ringi inataka subira. Kabla ya kulipa, hesabu matundu. Baiskeli hizi zina spoki 32 mbele na 40 nyuma, wakati ringi nyingi za kisasa zina matundu 36 mbele na nyuma. Habu ya matundu 40 haikubaliani na ringi ya 36, na hakuna ufundi wa kulitatua hilo zaidi ya kubadili habu. Angalia nafasi ya breki pia. Breki za fimbo zinavuta mpira juu kuugusa uso wa ndani wa ringi, ule unaoitazama habu, kila upande wa mstari wa nipeli, vile vinati vinavyoshika spoki kwenye ringi. Kwa hiyo ringi yake ina mabega mawili ya mviringo na mfereji katikati zinapokaa nipeli. Ringi bapa ya breki za ubavuni haina mabega hayo, na mpira wa breki utagonga nipeli moja baada ya nyingine.

Spoki ya zamani pima kutoka ndani ya kona yake hadi ncha ya hesi, na pima kadhaa, za kulia na za kushoto. Unene wa kawaida ni milimita 2. Gurudumu la nyuma la spoki 40 husukwa kila spoki ikikutana na wenzake wanne, la mbele la 32 watatu. Kabla hujafungua gurudumu la zamani lipige picha kwa simu pande zote mbili, maana kusuka bila mfano ni kujitafutia kazi ya siku nzima. Tia tone la mafuta kwenye hesi za nipeli. Kaza zote kwa idadi ile ile ya mizunguko kwanza, kisha ndipo uanze kunyoosha, nusu mzunguko, robo mzunguko.

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi waliozoea breki za ubavuni hawalipi uzito. Kwa breki za fimbo, ringi kuyumba kulia na kushoto milimita mbili haina shida kubwa. Kupanda na kushuka ndiko kunakosumbua, kwa sababu mpira wa breki uko ndani ya ringi, upande wa habu. Ringi yenye kilima itashika breki mara moja kila mzunguko, na ukilegeza breki ili isishike, huna breki. Basi funga kipande cha waya kwenye foku kikielekea kwenye uso wa ndani wa ringi, zungusha, na unyooshe juu na chini kwanza. Palipopanda kaza jozi za spoki za pande zote mbili kwa kipimo sawa, palipoingia legeza.

Spoki za nyuma za kulia ndizo zinazokatika kwanza, hasa kwenye baiskeli za mizigo. Madumu manne ya lita 20 ya maji ni kilo 80 juu ya keria, bila mwendeshaji, na barabara ya Newala vijijini haina huruma. Ikikatika moja badilisha moja. Zikikatika tatu kwa mwezi, badilisha upande mzima, zilizobaki nazo zimechoka.

Mipira ya breki ina mahali pa kukosea pamoja. Kibao chake kimezibwa ncha moja na kiko wazi ncha nyingine. Ncha iliyozibwa iwe upande ule ambao ringi inapozunguka inausukumia mpira. Ukigeuza, siku ya kwanza ya kushuka mlima mpira unachomoka na chuma kinabaki kikikwaruza chuma. Acha nafasi ya milimita 2 hadi 3 kati ya mpira na ringi, kaza nati za viungo vya fimbo kiasi cha kuziacha zicheze bila kulegea, tone la mafuta kila kiungo. Ringi za chuma zikilowa breki zinapungua sana, hata zikiwa mpya, na hilo halina spea.

Mnyororo wa baiskeli hizi ni inchi 1/2 kwa 1/8. Mnyororo mwembamba wa baiskeli za giya nyingi haukai kwenye meno mapana. Pima wa zamani kwa rula: pini 25 mfululizo, kutoka katikati ya ya kwanza hadi ya mwisho, ni inchi 12 kamili ukiwa mpya. Ukizidi kwa 1/16 ya inchi, badilisha. Ukizidi kwa 1/8, meno ya sproketi nayo yameshachongoka kama pezi la papa, na mnyororo mpya utaruka juu yake. Watu wanarudisha mnyororo dukani wakisema ni mbovu, kumbe ni friwili, yaani sproketi ya nyuma, iliyokwisha. Klipu ya kiungo cha kufungia iwe na upande uliozibwa mbele, kule mnyororo unakoelekea. Acha ulegevu wa sentimita moja hadi moja na nusu katikati, lakini uupime ukizungusha pedeli duara zima, kwa sababu sproketi kubwa mara nyingi haijakaa katikati kabisa. Pima pale palipokaza zaidi.

Friwili usiijaze grisi. Ndani yake kuna vijino vyenye springi laini. Grisi ikigandisha vijino havirudi, unakanyaga na pedeli inazunguka bure. Mafuta mepesi yanatosha. Vivyo hivyo habu ya giya tatu ya Sturmey-Archer, kama umebahatika kuipata ingali nzima: tundu dogo la mafuta liko ubavuni, na mwaka wa kutengenezwa mara nyingi umegongwa kwenye ganda. Ikiruka kati ya giya ya pili na ya tatu usikimbilie kuifungua. Weka giya ya pili, chungulia kwenye tundu la nati ya kulia, na rekebisha waya mpaka mwisho wa kijiti cha ule mnyororo mdogo wa giya ulingane na ncha ya ekseli.

Kuhusu mafuta, mawili yaachwe. Mafuta ya nazi yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi za Julai kule juu Newala zinafika huko. Mafuta ya maganda ya korosho yanababua ngozi na yakikaa yanakuwa kama gundi. Yafaa mbao, si beringi. Oili chafu ya pikipiki inapita kwa mnyororo wa mizigo, ila ina vumbi la chuma, isikaribie gololi. Na grisi iliyotokeza nje ya koni ipanguse, la sivyo mchanga unanata hapo na kuingia taratibu.

Koni za habu ndizo za mwisho. Kaza kwa vidole, rudisha robo mzunguko, funga nati ya kufungia huku umeishika koni kwa spana nyembamba. Kisha shika gurudumu kwa ncha za ekseli, valvu ikiwa ubavuni, na uliache. Likishuka lenyewe na kuyumba hadi valvu itulie chini, koni ziko sawa. Likisimama lilipo, umekaza mno. Likishuka lakini ringi inacheza ukiitikisa, umelegeza.

Iendeshe kilomita kumi hivi bila mzigo. Rudi, weka bomba chini ya mkono wa pedeli, igonge kila kota mara moja na ukaze nati. Karibu zote zitakubali robo mzunguko zaidi. Pitia spoki kwa vidole, jozi kwa jozi, na zile zilizolegea zikaze. Dumu la kwanza lipande kwenye keria baada ya hapo.